Video ya Michael na Janet Jackson Ilikula Dola Milioni 7! Doh Yote Ilienda Wapi?

Ukicheki video ya "Scream" kwa simu yako leo, unaweza dhani ni kitu simpo: Michael na dadake Janet, hakuna rangi, wanadansi ndani ya chombo cha angani. Manze, hiyo video ya 1995 iko kwa kitabu cha Guinness kama ghali zaidi duniani. Dola milioni 7! Hiyo ni karibu milioni moja na nusu kwa kila dakika. (Dairekta mwenyewe, Mark Romanek, amewahi kupinga hiyo rekodi, lakini wacha tuendelee.)

Ganji ilienda wapi? Kile chombo si picha tu ya kompyuta. Vyumba vilijengwa studioni, na hapo kuna mafundi, taa, kamera na wasee wengi wa kulipwa kila siku. Chumba kikionekana sekunde chache tu, bili ni ile ile. Halafu kazi ya kompyuta enzi hizo ilikuwa bei ya kuumiza.

Sasa, unadhani nani hulipa? Utasema lebo. Ni kweli, lebo hutoa doh kwanza, lakini kwa mikataba mingi hiyo ni kama loni. Inakatwa kwa mrabaha wa msanii, nusu au yote, kabla yeye hajaona kitu. Michael alikuwa anauza albamu kwa mamilioni, so angeweza. Msanii mchanga ngoma ikibuma, video iko, deni pia liko.