Jenereta Ikae Nje

Umeme ukikatika usiku Magomeni, Dar es Salaam, hazipiti dakika nyingi kabla ya mngurumo kuanza kusikika, kutoka Mapipa hadi Mwembechai. Mwenye saluni anavuta kamba, mwenye bucha anavuta kamba. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme Februari 2024 na makali ya mgao yakapungua, lakini laini ikipata hitilafu biashara haingoji, na vijenereta bado vipo.

Kinachonitia hofu ni mahali vinapowekwa. Kwa kuogopa wezi na mvua, kuna wanaoviwasha koridoni, jikoni, au ndani ya duka lenye mlango uliofunguliwa nusu.

Petroli isipoungua kikamilifu ndani ya injini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, isiyokereketa koo. Kinachonuka kwenye moshi ni vitu vingine, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Ukiivuta, inashikamana na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo maana kiasi kidogo tu hewani kinajilimbikiza mwilini. Mapafu yanapumua, moyo unadunda, ila ubongo unakosa oksijeni. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Kwetu mtu akijisikia hivyo husema ni malaria, anameza dawa ya maumivu, analala. Anaweza asiamke.

Nyumba zetu nazo zinaisaidia gesi hiyo. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Nyingi hazina dari: ukuta unaishia chini ya bati, na juu chumba kwa chumba kuko wazi. Uzito wa gesi hii unakaribia sana ule wa hewa, hivyo haitulii sakafuni wala haikimbilii juu. Inachanganyika kila mahali. Jenereta ikiwaka koridoni, hata mpangaji wa chumba cha mwisho aliyejifungia mlango anaivuta. Dirisha moja na feni havitoshi. Ushauri unaotolewa Marekani, ambako vimbunga huacha miji gizani, ni kuiweka jenereta angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likielekea mbali na madirisha. Uani mwa Magomeni mita 6 ni anasa, na dirisha la jirani liko palepale. Basi itoe mbele ya nyumba, uifunge kwa mnyororo kwenye chuma kilichozamishwa kwenye zege, juu uiwekee bati na pande zote ziachwe wazi. Nafasi ikikosekana kabisa, tumia taa ya sola au betri. Usiku mmoja bila feni unavumilika.

Kuna pia waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ili nyumba nzima iwake. Transfoma inayoshusha volti 11,000 kwa ajili ya mtaa inaweza pia kupandisha: umeme wa jenereta ukirudi kwenye laini, unamkuta fundi wa TANESCO juu ya nguzo akiamini waya umekufa. Mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie swichi ya kubadilishia, inayotenga kabisa njia ya jenereta na ya TANESCO. Na petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Ukimkuta mtu amelegea au amezimia karibu na jenereta, mtoe kwanza nje kwenye hewa safi na umkimbize hospitali. Kikosi cha zimamoto na uokoaji kinapatikana kwa 114. Mwambie daktari waziwazi kwamba kulikuwa na jenereta ndani. Kifaa cha kawaida cha kupimia oksijeni kidoleni hakiwezi kuitofautisha gesi hii na oksijeni, hivyo kinaweza kuonyesha kwamba mgonjwa yuko sawa wakati anakufa.