Chembe za Plastiki Ndani ya Sangara na Sato

Mikroplastiki ni chembe za plastiki zisizofikia milimita 5. Nyingi humeguka kutoka kwenye mifuko, chupa, kamba na nyavu chakavu kwa jua na mawimbi. Nyingine ni nyuzi za nguo za poliesta zinazotoka wakati wa kufua. Ushahidi wa kwanza wa chembe hizi ndani ya samaki wa Maziwa Makuu ya Afrika ulitoka Mwanza, katika utafiti wa Fares John Biginagwa na wenzake uliochapishwa mwaka 2016. Walinunua sokoni sangara 20 na sato 20, wakachunguza matumbo yao.

Kazi huanza kwa kuondoa kisicho plastiki. Matumbo hulowekwa katika kemikali inayoyeyusha nyama na mafuta, kisha kinachobaki huchujwa. Chembe zikitafutwa kwenye tope la ziwani badala ya samaki, tope huchanganywa na maji ya chumvi nyingi: mchanga huzama, plastiki nyepesi huelea. Chujio hufunikwa, na mpimaji huvaa koti la pamba, maana uzi mmoja wa nguo unaweza kuharibu hesabu.

Chini ya hadubini, plastiki hutambuliwa kwa dalili. Haina seli, rangi yake ni ya namna moja, na uzi wake una unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Ikiguswa na sindano ya moto, plastiki nyingi huyeyuka au kujikunja. Hata hivyo, chembe nyeupe au angavu hufanana na magamba na vipande vya konokono, na uzi wa pamba uliotiwa rangi humdanganya hata mzoefu.

Kwa hiyo chembe humulikwa kwa miali ya infraredi. Kila aina ya plastiki hufyonza miali kwa namna yake, kama alama za vidole, na mashine huilinganisha na kumbukumbu zilizopo. Mwanza, jicho lilishuku plastiki katika sangara 11 na sato 7. Infraredi ilithibitisha katika sangara 4 na sato 4. Zilikuwamo polithini, poliesta, poliurethani na mpira wa silikoni.

Vipimo hivyo vilihusu matumbo, ambayo hutupwa samaki anapoparuliwa, havikupima mnofu. Dagaa ni suala jingine, kwa kuwa huliwa pamoja na tumbo lake.