Sahani ya vibanzi jijini ni soko la mkulima wa viazi

UKIINGIA katika mkahawa wowote jijini Nairobi saa saba mchana, huenda ukasubiri kiti. Wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi na wachuuzi wote wanataka kula upesi warudi kazini, na wengi wao huagiza vibanzi, au chipsi kama vinavyoitwa mitaani. Yuko anayevitaka kwa kuku, mwingine kwa soseji, na mwingine atavitaka vimekaangwa upya kwa nyanya, dhania na pilipili, yaani chipsi masala.

Iwe ni kibanda cha River Road au mkahawa wa kifahari Westlands, karai la mafuta halipoi. Kwa mkulima wa Nyandarua, Nakuru, Meru, Bomet au Elgeyo-Marakwet, karai hilo ni soko. Viazi ndilo zao la chakula la pili kwa umuhimu nchini Kenya baada ya mahindi. Hata hivyo, kuwa na viazi shambani ni jambo moja, na kumuuzia mpishi wa jijini ni jambo jingine.

Funzo la 2022

Wakenya walilishuhudia hili Januari 2022, pale mikahawa ya KFC nchini ilipoishiwa na vibanzi. Wateja waliombwa wachague chakula kingine. Sababu iliyotolewa ni kwamba shehena ya viazi kutoka ng'ambo ilikuwa imechelewa kutokana na matatizo ya usafiri wa meli wakati wa janga la Covid-19.

Wengi walighadhabika. Iweje nchi inayokuza viazi kwa wingi ikose vibanzi? Kampuni ilieleza kuwa kila anayeiuzia bidhaa ni sharti kwanza apitie ukaguzi wa ubora unaotumika katika matawi yake kote duniani. Baada ya malalamiko hayo, ilisema ingetafuta viazi vya humu nchini.

Hasira zile zilikuwa za haki, lakini zilificha swali ambalo kila mkulima anafaa kujiuliza: je, mpishi anatafuta nini katika kiazi?

Mpishi hununua gunia, huuza sahani

Mwenye mkahawa hununua viazi kwa gunia lakini huviuza kwa sahani. Faida yake iko katika kile kinachobaki baada ya kumenya, kukata na kukaanga. Kiazi kidogo au chenye macho yaliyozama humpotezea muda na nyama nyingi ya kiazi huishia kwenye maganda. Kiazi kikubwa, kirefu kiasi na chenye macho ya juujuu humpa vibanzi virefu vinavyojaza sahani.

Jambo la pili ni maji. Takriban asilimia 80 ya kiazi ni maji. Kiazi chenye maji mengi kupita kiasi hufyonza mafuta mengi na kutoa vibanzi vilivyolegea. Wasindikaji hupendelea viazi ambavyo sehemu isiyo maji ni asilimia 20 au zaidi. Mafuta ya kupikia ni ghali, na mpishi hataki yaishie ndani ya vibanzi.

La tatu ni sukari. Kiazi chenye sukari nyingi hubadilika kuwa cha kahawia iliyokolea kinapokaangwa na huwa na uchungu. Sukari hiyo huongezeka kiazi kinapovunwa kabla ya kukomaa au kinapohifadhiwa katika baridi kali. Ndiyo maana viazi vya kukaanga havifai kuwekwa kwenye jokofu.

Mbegu ya Shangi na wenzake

Aina inayotawala mashamba na masoko yetu ni Shangi. Wakulima huipenda kwa kuwa hukomaa haraka, kwa muda wa miezi mitatu hivi, huzaa vizuri na huiva upesi jikoni. Vibanda vingi vya jijini huitumia.

Tatizo lake ni kwamba huchipua mapema baada ya kuvunwa. Mkulima hawezi kuihifadhi akisubiri bei ipande. Matokeo yake ni kwamba wote huvuna na kuuza kwa pamoja, bei huporomoka, kisha baada ya miezi michache mikahawa huhangaika kutafuta viazi.

Zipo aina nyingine zinazolenga soko maalumu. Dutch Robijn, yenye ngozi nyekundu, imekuzwa kwa miaka mingi Bomet kwa ajili ya viwanda vya krispi. Markies, iliyotoka Uholanzi, inafaa kwa vibanzi.

Anachoweza kufanya mkulima

Kwanza, viache viazi vikomae. Kata majani na matawi, kisha usubiri wiki mbili hivi ngozi ikauke kabla ya kuchimba. Ngozi changa huchubuka njiani na kiazi huoza.

Pili, chambua. Tenga vikubwa, vya wastani na vidogo, na uondoe vilivyokatwa na jembe. Vikinge dhidi ya jua, kwani mwanga hufanya kiazi kiwe kijani na kupata sumu. Vihifadhi mahali penye giza na hewa ya kutosha.

Tatu, pima. Kanuni za viazi za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Gunia linaloongezewa kimo kwa kushonwa humpunja mkulima, kwa kuwa hulipwa kwa gunia, si kwa kilo.

Nne, ungana na wenzako. Mkahawa unahitaji viazi kila wiki, mwaka mzima. Mkulima wa nusu ekari hawezi kutimiza hilo peke yake. Kikundi kinachopanda kwa zamu, wengine mwezi huu na wengine mwezi ujao, kinaweza, hasa pale penye maji ya kunyunyizia.

Mwisho, usisubiri dalali akuletee habari za soko. Kabla ya kununua mbegu, chukua ndoo moja ya viazi vyako uende kwa mpishi mjini, umwombe avikaange ukiwapo. Rangi ya vibanzi vitakavyotoka kwenye karai itakueleza kama unafaa kupanda mbegu ileile msimu ujao.