Ganuni: Nyuzi 78 na Sauti Zilizo Katikati

Ganuni ni ala ya nyuzi yenye umbo la trapeza, yaani ubapa wa pande nne ambazo mbili tu kati yake huenda sambamba, nayo hulazwa mapajani au mezani na kupigwa kwa vidole viwili vya shahada, kila kimoja kikiwa kimevishwa pete inayobana kijiti chembamba cha kudonolea nyuzi. Ganuni ya kawaida ya Misri huwa na nyuzi 78, zilizogawanywa katika mafungu 26 ya nyuzi tatu tatu, na kila fungu hutoa noti moja, hivi kwamba noti zote huenea zaidi ya oktava tatu. Oktava ni umbali kati ya sauti moja na nyingine inayotetema mara mbili zaidi kwa sekunde.

Upande wa kulia, daraja linalobeba nyuzi hukaa juu ya vipande vya ngozi, aghalabu ya samaki, vilivyowambwa kama ngoma. Kwa kuwa ngozi ni nyepesi, huupokea mtetemo na kuutoa hewani upesi, ndiyo maana sauti ya ganuni huanza kwa ukali na kufifia mapema, na mpigaji hudonoa kwa kurudiarudia anapotaka noti idumu. Ngozi hiyo hulegea hewa inapokuwa na unyevu, kwa hiyo katika miji ya pwani kama Zanzibar na Dar es Salaam kazi ya kurekebisha nyuzi haiishi.

Upande wa kushoto kuna vikono vidogo vya chuma ambavyo, vikiinuliwa, hufupisha sehemu ya uzi inayotetema, na uzi mfupi wenye mkazo uleule hutetema haraka zaidi na kupandisha sauti. Kwa njia hiyo mpigaji hupata hatua ndogo kuliko nusu toni, ambazo ni uhai wa maqam, yaani taratibu za kupanga sauti katika muziki wa Kiarabu.

Simulizi za Zanzibar hueleza kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza ganuni, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwan Safaa, kinachoendeleza hadi leo taarab, muziki wa pwani ambao ganuni ni mojawapo ya ala zake. Jijini Dar es Salaam, katika miaka ya 1950, taarab ilikuwa na vyama mashuhuri vya Egyptian na Al-Watan, na jina la kwanza linatosha kuonyesha masikio ya wenyeji yalielekezwa wapi. Kuanzia miaka ya 1990, vikundi kama TOT na East African Melody viliweka mbele kinanda cha umeme na gitaa la besi, ambavyo vilifaa kumbi kubwa na harusi za mjini. Hata hivyo, kinanda katika mpangilio wake wa kawaida huigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, na sauti zilizo katikati hazipatikani.

Barani Ulaya, vyuo vya muziki huwafundisha wanafunzi kupiga tungo za kati ya 1600 na 1750 kwa ala za zama hizo, kwa kuwa ala huamua namna tungo inavyosikika. Huku kwetu, jukumu la namna hiyo limebebwa na chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2002, ambako ganuni na udi hufundishwa kwa vijana. Jukumu hilo lastahili kuvuka bahari hadi Dar es Salaam, kwani kijana wa Kariakoo anayeijua taarab kwa kinanda pekee huyarithi mashairi yake yote, lakini ngazi ya sauti anayorithi imepungua vidato.