Wimbo wa Ibada Si wa Kwaya Peke Yake

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, hata kama hujapata kuingia kanisani maishani mwako, wimbo wa kanisa umekwisha kuuimba. Uliuimba ukiwa umesimama wima katika uwanja wa shule, na leo wanao wanauimba. Muziki wa “Mungu Ibariki Afrika” ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg. Ulikuwa wimbo wa sala. Sontonga alifariki mwaka 1905, angali kijana, asijue kwamba muziki wake ungekuwa wimbo wa Taifa la Tanganyika mwaka 1961, kwamba Wazambia nao wangeuchukua mwaka 1964, na kwamba tangu mwaka 1997 ungekuwa sehemu ya wimbo wa Taifa la Afrika Kusini.

Ndiyo tabia ya wimbo wa ibada: haukai kwa mwenyewe. Tazama yaliyotokea hapa hapa nyumbani. Kwa miaka mingi Walutheri wa nchi hii waliimba nyimbo za Wajerumani zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Nyingine ni tamu kweli kweli, na wazee wetu wanazipenda hata leo. Lakini ilikuwapo taabu moja. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mistari mingi ya mahadhi ya Kijerumani humalizikia kwenye noti nzito. Basi neno “Bwana” likalazimika kukazwa mwishoni, na “Mungu” hali kadhalika, hata mtu akawa anamwabudu Muumba wake kwa lafudhi ya mgeni!

Katika miaka ya 1960, mwalimu mmoja kutoka Marekani, Howard Olson, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Arusha, aliwahimiza wanafunzi wake watunge maneno ya ibada kwa mahadhi ya kwao. Bernard Kyamanywa, aliyesoma chuoni hapo, alitunga wimbo wa Pasaka, “Mfurahini, Haleluya”, kwa mahadhi ya kienyeji. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliufasiri kwa Kijerumani, na katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani ni wimbo namba 116. Waliotuletea nyimbo zao, leo wanaimba wetu. Hiyo si biashara ya mkopo na riba, hakuna aliyepungukiwa.

Wakatoliki nao walipata nafasi yao. Hati ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, iliagiza kwamba muziki wa asili wa watu upewe heshima inayoustahili. Ngoma na kayamba, ambazo hapo kwanza zilihesabiwa kuwa vitu vya kuachwa nje ya mlango, zikaingia kanisani na kuketi mbele.

Pamoja na ngoma, kiingiacho ni kiitikio. Mmoja huanza, wote hupokea. Hapo hahitajiki kitabu wala taa. Bibi asiyejua kusoma na mtoto wa miaka minne huimba sawasawa na mwalimu wa chuo kikuu, na pengine huimba vizuri zaidi, maana hawana haya.

Kwaya nayo ina raha yake, nami siidharau. Jioni, baada ya kazi, fundi wa magari, muuguzi na karani hukutana mbele ya ubao ulioandikwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Utaratibu huo wa herufi ulienezwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 19, ili watu wa kawaida waweze kuimba bila kinanda na bila kusoma noti za mistari. Kila sauti hufundishwa peke yake, na kwa hakika kazi hiyo huchosha. Mwimbaji wa besi akifanya mazoezi nyumbani, mkewe hudhani ananung’unikia chakula. Lakini siku sauti nne zinapokutana, manung’uniko yale huonekana kuwa ndiyo msingi wa nyumba nzima. Mwenye kupata furaha hiyo hasahau, na hakuna awezaye kuipata akiwa peke yake.

Kwa sababu hiyo yanisikitisha mambo yanayoonekana katika baadhi ya makanisa ya mijini. Kwaya zimekuwa nyingi, kila moja na sare yake na vipaza sauti vyake. Sare mpya ikitakiwa, ada ya mtoto husogezwa mbele. Kinanda cha umeme hulia hata madirisha yakatetemeka, na waumini hukaa kimya, mikono mapajani, wengine wakinyanyua simu kupiga picha, kama watu waliokata tikiti kwenda dansini. Kinanda hakina kosa. Kosa ni kwamba waliokuja kuimba wamegeuzwa watazamaji, nao wamekubali.

Ninyi wanakwaya mnaweza kulirekebisha jambo hili bila kikao wala mchango. Jumapili mtakapoleta wimbo mpya, wafundisheni watu kiitikio kabla ya ibada kuanza. Zimeni vipaza sauti, mwimbishe mara tatu, na waacheni watoto watangulie. Dakika kumi zinatosha. Kiitikio kisiposhikika kwa dakika kumi, basi ni kirefu mno, kipunguzeni.