Nafasi ya Vichocheo vya Paladi katika Kubadili Kampaundi za Heterosaiklia: Mfano wa Utafiti wa Dawa za Malaria

Katika kata ya Mwisenge, Manispaa ya Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, malaria si ugonjwa mgeni. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya ugonjwa huo kwa sababu ya usugu wa vimelea. SP ikachukua nafasi yake, nayo ikapisha dawa mseto ya ALu mwishoni mwa mwaka 2006. Historia hiyo inadhihirisha haja ya kuunda molekuli mpya kabla zilizopo hazijashindwa. Makala haya yanafafanua mchango wa paladi katika kazi hiyo.

Kampaundi ya heterosaiklia ina pete ya atomu ambamo angalau atomu moja si kaboni, bali ni naitrojeni, oksijeni au salfa, kwa mfano. Pete ya kwinolini iliyomo katika klorokwini ni ya aina hiyo. Nguvu ya dawa hutegemea kikundi kilichopachikwa kwenye pete na mahali kilipopachikwa.

Mmenyuko wa Suzuki, ambao mgunduzi wake Akira Suzuki alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2010 pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi, una hatua kuu tatu. Kwanza, paladi hujipenyeza kati ya kaboni ya pete na bromini au iodini. Pili, kikundi kilichobebwa na boroni huhamia kwenye paladi kwa msaada wa besi. Tatu, vikundi viwili huungana, na paladi huachiwa ianze mzunguko mwingine. Kwa hiyo kiasi kidogo cha metali hiyo hutosha.

Faida yake inaonekana katika MMV390048, iliyotokana na utafiti ulioongozwa na Kelly Chibale wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Pete ya aminopiridini huwekewa iodini na bromini. Kwa kuwa iodini hung'oka kwa urahisi zaidi, kikundi cha kwanza huchukua nafasi yake, na cha pili nafasi ya bromini. Molekuli hiyo ilifikia majaribio kwa binadamu, ingawa haijawa dawa ya kutumika hospitalini.

Mbinu hii ina vikwazo viwili. Naitrojeni ya pete inaweza kujifunga kwenye paladi na kudhoofisha kichocheo. Hivyo uteuzi wa ligandi ni muhimu. Aidha, mwongozo wa kimataifa wa ICH Q3D unaweka kikomo cha mikrogramu 100 za paladi kwa siku kwa dawa za kumeza, na usafishaji huongeza gharama. Kwa dawa inayokusudiwa kaya za kipato cha chini, gharama hiyo ni sehemu ya tatizo la kikemia lenyewe.