Ardhi Iliyogeuka Tope Haikupata Kinga

Kila baada ya tetemeko kubwa la ardhi wataalamu wa udongo huulizwa swali lile lile, na wanaoliuliza si wanunuzi wa viwanja peke yao bali hata wahandisi, ambao hawana udhuru: je, mchanga uliokwisha kugeuka kimiminika, ukatoa maji yake na kutulia, haujashikana kiasi cha kutogeuka tena? Madhara ya swali hilo ni makubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu la "ndiyo" huingizwa kimyakimya katika modeli za kompyuta, ambamo tabaka lililoshuka huongezewa ugumu ambao hakuna aliyeupima, na hesabu yote inayofuata huwa ni kuipamba dhana kwa tarakimu.

Asili ya dhana hiyo inaeleweka. Mchanga mlegevu uliojaa maji ukitikiswa, chembe zake hutaka kusogeleana, maji yaliyo baina yake hukosa njia ya kutoka upesi, na shinikizo la maji hayo hupanda hadi likaubeba uzito uliokuwa ukibebwa na chembe. Maji yakishatoka uso wa ardhi hushuka, na jicho huhitimisha kwamba kilichoshuka kimekaza. Hesabu husema vingine: tabaka la mita 5 likishuka sentimita 10 limepungua kwa asilimia 2 tu, na mchanga uliokuwa mlegevu sana hubaki mlegevu. Zaidi ya hayo, maji yanayopanda huulegeza mchanga wa juu na kujikusanya chini ya matabaka yasiyoyapitisha, huku mtikisiko ukivunja mishikamano midogo iliyojengeka baina ya chembe kwa miaka mingi, hata tabaka likaweza kutoka katika tetemeko likiwa dhaifu kuliko lilivyoingia.

Anayetaka ushahidi na autazame mji wa Christchurch, New Zealand. Vitongoji vya mashariki, kando ya mto Avon, viligeuka tope katika tetemeko la ukubwa wa 7.1 la tarehe 4 Septemba 2010, vikageuka tena tarehe 22 Februari 2011 katika tetemeko lililoua watu 185, kisha tena mwezi Juni na mwezi Desemba mwaka huohuo. Wakazi walizoa kwa sepeto mchanga wa kijivu uliobubujika nyuani mwao, na baada ya miezi michache wakazoa mwingine palepale. Kama kushuka kungekuwa kinga, mara ya nne isingekuwapo.

Ugumu wa tabaka, basi, hupimwa, haukisiwi. Koni ya chuma husukumwa ardhini kwa mwendo wa sentimita 2 kwa sekunde huku ukinzani wa udongo ukisomwa, au nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka kimo cha sentimita 76 na kuhesabiwa mapigo yanayozamisha bomba la sampuli kwa sentimita 30. Mapigo hayo hayatumiki yakiwa ghafi: mapigo 10 ya nyundo inayofikisha asilimia 45 ya nishati yake ni sawa na 7.5 katika kiwango kilichokubaliwa cha asilimia 60, ilhali mapigo 10 ya nyundo inayofikisha asilimia 90 ni sawa na 15, na asiyeuliza nyundo ilikuwa ipi hajui anachokirekebisha. Kutokana na usomaji uliosahihishwa hukadiriwa ustahimilivu, yaani kiasi cha msukumo wa kando ambacho udongo unaweza kukivumilia kikilinganishwa na uzito unaobebwa na chembe. Ndipo kipande kimoja cha udongo hutikiswa ndani ya modeli kwa kiasi hicho, na kigezo chake kubadilishwa hadi kipande kipinde kwa asilimia 3 katika mzunguko wa 15, idadi inayowakilisha tetemeko la ukubwa wa 7.5.

Hapo kazi haijaisha, ingawa wengi huishia hapo. Modeli hupaswa kujaribiwa kwa matetemeko yaliyokwisha kutokea, tena mahali palipotoa tope na mahali pasipotoa, kwani huko Christchurch kanuni za kawaida zilitabiri maafa hata katika baadhi ya viwanja vya matabaka membamba ya mchanga na udongo laini ambavyo uso wake haukutoa kitu.

Tiba zenyewe zinajulikana: mchanga hukazwa kwa mitetemo au kwa nguzo za kokoto, huchanganywa na saruji, maji huwekewa njia za kutokea, jengo hushushiwa nguzo hadi tabaka imara, au eneo huachwa, kama yalivyoachwa makazi ya maelfu mjini humo. Penye kukazwa, koni hurudishwa palepale baada ya kazi, na modeli hupewa usomaji mpya. Ugumu ambao koni haikuusoma hauongezwi.